Mwavuli wa Mzee Anyitike

Siri ya Rozalia ilitembea kwa miguu miwili, ikinusa ugoro. Kila Jumamosi pale sokoni Mbeya maharage yalipododa, Mzee Anyitike alichomoza na mwavuli wake mweusi, na wauza maharage wa Kinyakyusa wakatimka kama kuku walioona mwewe. Wote walikuwa wameolewa na wanawe au na wana wa wenzake wa rika, na kwao mke haonani na baba mkwe, hata biashara iungue. Walijibanza nyuma ya lori mpaka apite. Rozalia, Mhehe wa Iringa asiye mkwe wa mtu, alibaki peke yake na kopo lake, akapandisha bei bila haya.

Ndiyo maana alimpa mzee ugoro wa bure. Mzee alidhani ni adabu.

Akaja Philbert, kijana wa serikali aliyetumwa kuchunguza mwenendo wa bei. Wiki kadhaa alisimama, penseli sikioni, kisha akanong'ona: "Dada, yule mzee akiingia tu, maharage yanapanda. Ni tajiri anayenunua kwa siri?"

Rozalia akapiga hesabu haraka. Mzee akipigwa marufuku sokoni, kwisha habari yake.

"Tajiri wapi! Ni ule mwavuli. Watu wanaona mvua hiyo, wanawahi mboga."

Jumamosi iliyofuata Philbert aliuazima, akauzungusha soko zima jua likiwaka. Bei haikutikisika. Mbwa mmoja tu ndiye aliyemfuata.

"Basi ni mzee mwenyewe," alisema. "Nitamhoji."

Rozalia akamwahi mzee kwa ugoro maradufu, pua zizibe asiweze kusema. Mzee akapiga chafya, akafuta machozi.

"Mwanangu, una moyo. Wakwe zangu wananikimbia tu. Kijana wangu Asukile hajaoa, unajua?"

Alijua sana. Asukile yule dereva, mwenye mabega! Akaitikia kabla akili haijafika.

Ng'ombe wa mahari wakapelekwa Iringa, wakapokelewa. Jumamosi yake mwavuli ukachomoza, na Philbert akanyanyua penseli. Maharage ya soko zima yalikaa bila mwenyewe.

"Kopo bei gani?" wateja wakauliza.

"Leo hayana bei!" Philbert akapiga kelele, karibu alie.

Nyuma ya lori Rozalia alijifunika kanga hadi puani.

"Sogea, bi harusi," Ikupa, mmoja wa wale wauza maharage, akamsukuma kwa kiwiko. "Si ulikuwa unamwita kwa ugoro? Haya, kaja."