Cheni Nene ya Anan Shigeto

Mama Futami alitandika gazeti juu ya meza ya duka lake, akalaza cheni tatu, moja kando ya nyingine, kama muuza samaki anayepanga mikunga. Akajifuta mikono kwa aproni, akangoja. Anan Shigeto alizitazama. Alikwisha kuja dukani hapo kwa shughuli hiyo hiyo, tena si mara moja, na kila alipokuja alizitazama vivyo hivyo, akasema "nitafikiri," akaondoka mikono mitupu.

"Hii nyeusi ni nyepesi," alisema Mama Futami, "lakini kwa mvuke wa chemchemi za moto za mji huu, ukisahau kuipaka mafuta siku mbili imekuwa kutu tupu. Hii nene haina maringo. Nzito, lakini ngumu. Na hii ya fedha..." Akasita. "Hii unaijua mwenyewe."

Anan aliijua. Ndiyo aliyoitumia tangu alipokuwa kijana, aina ile ile, kutoka kwa mtengenezaji yule yule, na ndiyo iliyokatika.

Kazi ya Anan ilikuwa keirin, mbio za baiskeli ambazo watu hununua tiketi na kuwekea dau. Baiskeli ya mbio hizo haina breki wala gia za kubadilisha. Ina meno mbele, meno nyuma, na cheni moja katikati. Gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, utake usitake. Anan hakuwahi kuwa nyota. Mji wake mzima wa Beppu ulimjua kuwa mtu wa kutangulia: yeye hukaa mbele kuvunja upepo, na mwenzake wa mji mmoja hukaa nyuma ya gurudumu lake, akijihifadhi mpaka mwisho. Mwenzake huyo, kwa miaka mingi, alikuwa Hidaka Jinpei, ambaye Anan mwenyewe alimfundisha kuendesha tangu akiwa na mashavu ya kitoto na mdomo usiofungwa.

Mwezi wa tatu, katika uwanja wa mji mwingine ng'ambo ya bahari, kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, Anan alisimama juu ya pedali ili achomoke mbele. Akasikia mlio mkavu, kama mtu amevunja kijiti. Miguu ikaenda hewani. Cheni ikajisokota kwenye gurudumu la nyuma, gurudumu likagoma, na Hidaka, aliyekuwa karibu naye kuliko kivuli, akamparamia. Anan alivunjika mtulinga na kuchunika mgongo. Hidaka alivunjika nyonga na paja. Madaktari walimwambia atatembea, ila mbio azisahau.

Wakaguzi waliichukua ile cheni, wakaipima, wakaichunguza kwa vioo vyao. Ilikuwa mpya. Ilikuwa imefungwa sawasawa. Pingili moja tu ilikuwa na ufa ambao jicho la mtu lisingeuona. Kosa halikuwa la mtu. Kila aliyekutana na Anan alimwambia ajali haina kinga, naye akaitika kwa kichwa, maana ni kweli.

Shida yake haikuwa majuto. Majuto angeyajua, angeyalilia, yangepita. Yeye hakusikia kitu. Alikula wali na hakujua kama una chumvi. Kwenye bafu la mtaa aliingia ndani ya yale maji ya moto ambayo wazee wenyewe huyaingia kwa kupiga mayowe, akakaa mpaka ngozi ikawa nyekundu kama kaa aliyechemshwa, na mzee mmoja akamwambia, "We Anan, toka, tutakuja kukuokota kwa kijiko!" Akatoka. Mtulinga uliunga, akaruhusiwa kurudi mbioni, akapangiwa tarehe katika uwanja wa nyumbani. Akaifanyia baiskeli yake kila kitu. Ilibaki cheni.

"Basi," alisema Anan sasa, "nitafikiri."

"Kaa kwanza," alisema Mama Futami. "Chai iko motoni." Akachungulia mlangoni, halafu akachungulia tena, na Anan akatambua kuwa kuna mtu anayengojwa.

Teksi ilisimama nje. Yalitangulia magongo mawili, ukafuata mguu, ikafuata sauti.

"Kaka! Unachagua cheni au unachagua mke?"

"Mke angekwisha kuondoka zamani," alisema Mama Futami.

"Si ndiyo maana hana!" Hidaka aliingia akihema, jasho likimtiririka, uso umepungua ila mdomo ni ule ule. Mama Futami akamsogezea kiti kirefu. Alikaa kwa hatua hatua, kama mtu anayeteremsha kabati ghorofani. "Mama amenipigia simu. Anasema unakuja hapa kuzitazama cheni zake mpaka zinaona haya. Haya, niambie. Tatizo liko wapi?"

"Hakuna tatizo."

"Chukua hiyo ya fedha, basi. Twende tukale."

Anan aliendelea kuzitazama cheni.

"Chukua hiyo ya fedha," Hidaka alirudia, safari hii bila mzaha. "Ukichukua nyingine utakuwa unasema ile ndiyo mbaya. Mbaya si ile. Ilikuwa pingili moja, siku moja. Ukianza kuiogopa cheni, kila ukisimama kwenye pedali utakuwa unatega sikio. Na anayetega sikio hasukumi."

"Siiogopi."

"Unaionaje, basi?"

"Siioni vyovyote."

Mama Futami alimimina chai, akaenda nyuma ya duka kutafuta kitu ambacho wote walijua hakipo.

Hidaka alizungusha kikombe chake juu ya meza. "Kaka, nikuambie kitu? Ulikuja hospitali kila siku. Kila siku! Mke wangu hakuja kila siku. Ukakaa pale kwenye kiti kama sanduku lililosahauliwa na abiria. Ukanimenyea machungwa. Machungwa mengi mpaka nikaota ngozi ya chungwa. Lakini hukuniuliza hata mara moja kama inauma."

"Nilijua inauma."

"Hukuniuliza."

Nje gari la taka lilipita likipiga wimbo wake. Likapita, likaisha.

"Niulize," alisema Hidaka.

"Jinpei..."

"Niulize!"

"Inauma?"

"Inauma sana!" Hidaka alipiga meza, cheni zikaruka kidogo juu ya gazeti. "Inauma usiku, inauma asubuhi, inauma nikipiga chafya. Siku ya kwanza ya kusimamishwa nilitaka kumng'ata muuguzi. Na kuna wakati nakuchukia, kaka. Najua huna kosa na nakuchukia hivyo hivyo, kama dakika tano, halafu nasikia njaa. Haya. Nimesema. Sasa na wewe sema."

Anan alijitafuta ndani kwa uaminifu, kama mtu anayepapasa mifuko ya koti lake mbele ya mlango uliofungwa. Alimwona Hidaka ana machozi. Alijua kwamba hapo ndipo mtu hulia. Alisubiri, lakini hakikuja kitu.

"Sisikii kitu," alisema. "Tangu siku ile. Nimekaa kama mtu aliyechomwa ganzi kwa daktari wa meno, ila si mdomo tu. Nakusikia ukisema inauma, najua maana yake, basi. Nisamehe."

Hidaka alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Sawa," alisema. "Sikukuuliza ili ulie. Chagua cheni."

Anan akanyoosha mkono. Aliishika ile nyeusi, akaikunja upande, ikapinda kama utepe, akairudisha. Aliishika ya fedha. Vidole vyake viliijua kuliko vilivyojua uso wa mtu yeyote. Akairudisha nayo. Aliishika ile nene, akaikunja. Ikakataa kupinda, ikapinda kidogo kwa shingo upande. Ilikuwa nzito kwenye kiganja. Akabaki nayo.

"Hiyo?" Hidaka alishtuka. "Hiyo ni ya baiskeli ya kubebea tofu sokoni! Utavuta mlima, kaka! Watu watadhani umeleta mzigo!"

"Hii."

"Nimekuja na magongo, na teksi, nimetoa machozi, ili uniambie hiyo?"

"Ndiyo. Hii."

Hidaka alianza kucheka, akashika nyonga, akalia "aah, aah, usinichekeshe," akaendelea kucheka. Mama Futami alirudi kutoka nyuma bila kitu mkononi, akaifunga cheni nene ndani ya gazeti lile lile.

Mbio zake ziliangukia mwisho wa mwezi wa tisa, siku ya mawingu. Nyuma yake alipangwa kijana wa Beppu, Tsuru, mwenye mapaja kama magogo, ambaye kabla ya kutoka alimwinamia sana na kusema, "Kaka, nakutegemea." Kwenye uzio wazee walikuwa tayari na tiketi zao na midomo yao.

"Anan! Leo usituvunjie kitu!"

"Mwacheni, huyo amekuja kuuza tofu!" Habari ya cheni ilikwisha kuenea.

Waliondoka. Walizunguka polepole nyuma ya kiongozi wa mwendo, asiyeshindana, kisha kwa kasi, kisha kwa kasi zaidi. Cheni nene ilinguruma chini yake kwa sauti asiyoizoea. Kengele ikalia.

Alipaswa kusimama juu ya pedali papo hapo, lakini hakusimama. Gurudumu la Tsuru lilikuwa nyuma yake, alilisikia likisogea, likingoja, nusu mzunguko ukapita, kundi la mji mwingine likaanza kuwapita kwa nje. Tsuru alipiga kelele jambo fulani. Ndipo miguu ikamwinua, bila yeye kuiambia. Akakandamiza pedali kwa uzito wake wote na kungoja mlio mkavu.

Cheni ilishika. Akasukuma tena, ikashika. Akaenda mbele ya wote kwa muda unaotosha kuvuta pumzi kumi, upepo ukimpiga kifuani, mpaka nguvu zikamwishia kwenye kona ya mwisho na Tsuru akapita pembeni yake kama jiwe lililorushwa. Tsuru alishika nafasi ya pili. Anan alikuwa wa mwisho kasoro mmoja. Wazee waliochana tiketi walimtukana kama walivyomtukana miaka yote, wala hakuna aliyemtukana zaidi.

Siku aliyoruhusiwa kutoka kwenye bweni la uwanja, ambako waendeshaji hufungiwa mpaka mashindano yaishe, alipanda mtaa wa mteremko mpaka nyumbani kwa Hidaka. Hidaka alikuwa kwenye mazoezi ya mguu, hajarudi. Alimkuta mkewe, Tomoe, jikoni anakaanga kuku. Tangu ajali, Tomoe hakumtolea Anan neno baya hata moja, ila pia hakuwahi kumwekea kikombe. Hospitalini alimpa kisogo kwa adabu, na Anan hakuliona hilo kuwa uonevu.

"Hayupo," alisema bila kugeuka.

"Basi nitarudi baadaye."

"Nilitazama mbio." Alipindua vipande vya kuku, mafuta yakachachatika. "Mbona ulichelewa? Kengele imelia, umekaa tu. Yule kijana wa nyuma ningekuwa mimi ningekurukia."

"Niliogopa," alisema Anan.

Neno lilimtoka kabla hajalitazama. Akasimama mlangoni na kofia mkononi, akilipima kama ni la kweli. Alikumbuka kengele, alikumbuka mikono yake juu ya usukani imekaza mpaka vidole vikawa vyeupe. Hapo jikoni hakusikia hofu yoyote. Ilikuwa kama habari ya mtu mwingine aliyoisoma gazetini. Lakini mtu huyo alikuwa yeye, na habari ilikuwa ya kweli.

"Niliogopa sana," alisema tena, polepole. "Sikujua mpaka sasa hivi."

Tomoe aligeuka, akamtazama usoni, kisha akazima moto.

"Vua viatu," alisema. "Kuku watapoa ukimngoja yule. Akitoka kwenye mazoezi hupita kwanza kwa Mama Futami kupiga soga."

Akamwekea sahani na kikombe, akakaa upande wa pili wa meza, wakala. Halafu Tomoe akauliza kama mtulinga unamsumbua mvua ikikaribia, naye Anan akafikiri, akasema hajui, labda kidogo, upande wa juu.

"Nionyeshe wapi," alisema Tomoe.