Jua la Juzi

"Hivi, mama, na jua nalo linasomewa?" Jirani yake, fundi cherehani, aliwahi kumuuliza hivyo mjane, pini zikiwa zimebanwa midomoni. "Mimi nalijua tangu kuzaliwa, na sina hata cheti!"

Mjane alicheka naye, ila swali lile lilimkaa rohoni. Binti yake wa pekee alikuwa mhandisi tayari, kisha akarudi chuoni kusomea shahada ya pili, ya nishati safi. Kila akipiga simu, habari ni ya pipa lake la mchanga. Vioo vya juu ya paa vinakusanya jua, jua linachoma mchanga, mchanga unatunza moto. "Nalifungia ndani, Mama!" Mjane alikuwa akiitikia tu, "Mungu akuongoze, mwanangu," maana hakujua aongeze nini.

Siku ya mtihani wa mwisho alikwenda kumtia moyo. Alikuta mvua inamwagika na jua halijatoa hata jicho tangu jana. Karakana ya chuo ilinuka rangi na chuma kilichokatwa. Katikati, pipa lilisimama, limevikwa bati, refu kumpita, na pembeni yake sahani ya chuma ya kuchemshia.

"Mtahini anataka moto wa juzi uchemshe maji leo," binti alimnong'oneza. "Yasipochemka, Mama, nimeanguka. Kazi yote ya miaka hii imekwenda na maji."

Mjane alikuwa amepika jikoni mwa shule tangu ujana wake. Kwake yeye, chombo hupimwa kwa kiganja. Binti alipoinama kuunga waya za feni, mama alinyoosha mkono akaligusa pipa tumboni.

Baridi. Baridi kama sakafu ya alfajiri.

Limezimika, na mwanangu hana habari! Akaomba kimoyomoyo, lakini macho yakatua kwenye chupa ya chai aliyokuja nayo, iliyojaa maji ya moto kwa ajili ya kifua chake.

"Mama, nijazie hiyo sufuria maji ya bomba," binti alisema bila kugeuka.

Mama akajaza. Ila si ya bomba.

Mtahini aliingia akikung'uta mwavuli, mzee mwembamba asiye na haraka. Kabla ya lolote, alitumbukiza kipimajoto kwenye sufuria. Akatazama. Akatazama tena.

"Maji yenu ya bomba yana homa?"

Binti alikodoa macho. "Haiwezekani, Mwalimu. Sahani bado sijaiwasha."

"Basi kuna hita umeificha mahali. Nilikuwa nakuamini, binti."

Mjane alijitia kati ya mwanawe na mtahini. Akapiga moyo konde.

"Usimsingizie, Mwalimu. Ni mimi. Nimetia maji ya chupa yangu."

"Mama!"

"Nimeligusa pipa lako, limepoa! Ningefanyaje, nikae nikuangalie unaaibika?"

Binti alishika kichwa, akalia na kucheka kwa pamoja. "Mama wee! Nje lazima liwe baridi! Ukikuta nje kuna joto, ujue jua langu linavuja!"

Mtahini hakucheka. Alimwaga yale maji, akaisuuza sufuria, akakinga mwenyewe bombani, akaiweka juu ya sahani ya chuma. "Sasa asiguse mtu."

Feni ikaanza kunguruma taratibu, ikivuta hewa kutoka katikati ya mchanga na kuipuliza chini ya sahani. Mjane alisogea. Hakuona moto. Hakuona moshi, yeye ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi maisha yote. Hata kaa moja halikuwepo. Mvua ilipiga bati la paa, na pale chini ya sufuria palikuwa na hewa tu.

Maji yakaanza kutoa vipovu vidogo pembeni. Yakavuma. Kisha yakainuka yote kwa pamoja, yakitokota, mfuniko ukirukaruka.

Mjane aliuinamia mvuke. Lile ni jua la juzi. Lile lile lililomkaushia nguo kambani, likamuunguza shingo, akalinung'unikia. Yeye alidhani limezama na kwisha, kama kila siku aliyowahi kuishi, hata zile alizoishi na marehemu. Kumbe lilikuwa humu, kimya, gizani, likingoja kuitwa. Na aliyeliita ni huyu aliyemzaa mwenyewe.

Mtahini alivua miwani iliyojaa mvuke.

"Umefaulu," alimwambia binti. "Ila huyu msaidizi wako usimwajiri."

Binti alimrukia mama yake shingoni. "Umemsikia? Mama, sema basi neno!"

Mjane alimpapasa mwanawe shavu, akajifunika mtandio, akatoka nje mvuani, viganja vikiwa wazi kama aombaye, kuelekea lilikojificha jua la leo.