Karatasi Langoni kwa Vetka

Kabla jogoo hajawika, Bibi Dobrinka alisikia zipu. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, taratibu, kule jikoni. Akajua ni Zlatina, mjukuu wake, amekaa gizani na koti lake la kijivu. Tangu utotoni, likimfika jambo zito, zipu ndiyo iliyomsemea.

Bibi akavaa soksi za sufu, akaenda kuwasha jiko la kuni. Alikata mkate, akaweka jibini nyeupe kwenye sahani ya peke yake, maana Zlatina hakuwahi kula vitu vilivyogusana, kisha akaketi.

"Leo kwenye taarifa ya jioni nitasema," Zlatina akaanza. "Nitasema ni sisi tuliomuua Shangazi Vetka."

"Na mwenye stesheni?"

"Amesema nikisema, nisirudi kazini."

Bibi akaishika meza. Mtoto huyu alipogunduliwa kuwa na usonji, mwalimu mkuu alimwambia Bibi amtafutie kazi ya kukunja maboksi, akibahatika. Leo alikuwa mhariri mkuu wa televisheni ya mji, na mji mzima wa ukingo wa mto Danube ulipanga chakula chake cha jioni kwa saa ya taarifa yake.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Zlatina alipokalia kile kiti, aliondoa muziki kwenye habari za vifo. Akataka kosa la jana lisahihishwe leo kwa saa ileile na kwa kinywa kilekile. Akataka mtangazaji asiyejua aseme hajui. Na jina la marehemu lisitamkwe mpaka mwandishi awe ameketi na jamaa zake nyumbani kwao. Watu walicheka. "Hiyo ndiyo Televisheni ya Hatujui!" walisema mkahawani. Lakini kidogo kidogo wakaacha kucheka. Wazee wakaanza kuambiana, "Kama ya Zlatina haijasema, bado halijawa."

Ndiyo imani iliyomuua Vetka.

Kiwanda cha baruti kililipuka mwanzo wa wiki, na Lyuben, mwana wa pekee wa Vetka, alikuwa zamuni. Vetka, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja kukaa kwa Bibi Dobrinka mbele ya televisheni. Stesheni za mji mkuu zilipayuka majina. Vetka akazipungia mkono kama anayefukuza nzi. "Wapige domo tu. Stesheni ya mtoto wetu haijasema. Lyuben wangu yu hai."

Kule ofisini, Zlatina alikuwa amesimama kutwa katikati ya simu, taa na makelele, hadi kichwa kikakataa. Akaingia chumba cha kuwekea nyaya, akaziba masikio, apumue kidogo. Ndipo mwenye stesheni alipompigia simu Stanimir, msaidizi wa Zlatina: wenzetu wana majina, sisi tunangoja nini? Na mwandishi wao mmoja, mgeni mtaani, alikuwa amepita langoni kwa Vetka, akaona karatasi ya msiba, ile ya kutangaza au kukumbuka marehemu, imebandikwa: picha ya kijana, jina Lyuben Mihov.

Yeyote wa mtaa ule angemwambia. Ile ilikuwa karatasi ya babu, baba mkwe wa Vetka, iliyobandikwa kumkumbuka mwaka ulipotimia tangu afe. Picha ilikuwa ya ujana wake jeshini, kwa kuwa mwenyewe ndivyo alivyotaka akumbukwe. Mjukuu alirithi jina, kama ilivyo desturi, akarithi na uso. Lakini mwandishi hakubisha hodi. Alipiga picha, akamtumia Stanimir, naye akairusha hewani.

Vetka alimwona mwanawe kwenye stesheni aliyoiamini. Akainuka aweke kikombe mezani. Kikombe kikatangulia sakafuni, naye akafuata. Moyo. Dereva wa gari la wagonjwa alivua kofia, akasaidia kuokota vigae ili Bibi asijikate. Wema ule mdogo Bibi hakuusahau. Wakati huo Lyuben alikuwa hospitalini, mgongo na mikono imeungua, hai.

"Mjukuu wangu," Bibi akasema sasa, "si walishatangaza kwamba palitokea kosa?"

"Walisema 'taarifa imerekebishwa.' Imerekebishwa nini, Bibi? Shangazi Vetka amerekebishwa?"

Bibi akamsogezea sahani ya jibini.

"Lyuben anajua?" Zlatina akauliza.

"Hajui. Nevena, dada yake Vetka, amemwambia mama ana mafua."

Zipu ikasimama. "Basi siwezi kusema jioni kabla yeye hajajua. Wodini kuna televisheni. Twende."

Nevena aliwakuta mlangoni mwa wodi, akatandaza mikono kama anayezuia mbuzi. "Wee Zlatina, usithubutu! Mtoto ameungua mgongo mzima, unataka kumuunguza na moyo? Dobrinka, mzuie mjukuu wako. Anajua nini huyu kuhusu uchungu wa watu?"

"Shangazi Nevena, kila siku anakuuliza mama yuko wapi?"

"Anauliza."

"Na wewe unatazama pembeni?"

Nevena akashusha mikono, akaanza kulia. Muuguzi mmoja akamletea kiti.

Lyuben alikuwa amelala kifudifudi, mikono imefungwa bandeji nyeupe. Zlatina akakaa sakafuni, chini kabisa, ili kijana asilazimike kugeuza shingo. Hakumtazama usoni. Alitazama gurudumu la kitanda.

"Mama yako amekufa, Lyuben. Si mafua. Alikufa siku ya mlipuko, jikoni kwa Bibi, na Bibi alimshika kichwa mpaka mwisho."

Bibi akamwomba Mungu kijana alie, lakini hakulia.

"Kwa nini?" akauliza hatimaye.

"Televisheni yangu ilisema umekufa wewe. Hatukubisha hodi kwenu. Nilikuwa nimejifungia kwenye chumba cha nyaya, nimeziba masikio. Nataka kusema hivyo leo jioni. Usipotaka, sitasema."

"Tokeni," Lyuben akasema.

Zlatina akainuka mara moja. Walikuwa wameshafika kwenye korido sauti ilipowafuata.

"Zlatina! Sema. Na usitie muziki."

Jioni ile Bibi alitazama peke yake. Zlatina aliketi mahali pa mtangazaji, na koti lake lilelile. Akataja jina la Vetka, akasema walichokifanya, bila neno moja la kujitetea. Kisha akakaa kimya kwa muda uleule ambao ule uongo ulichukua hewani. Mji mzima ukatazama mwanamke anayetazama meza. Mtaani hakuna mlango uliofunguliwa wala kufungwa.

Asubuhi alifukuzwa. Mwenye stesheni alimwambia, mbele ya wote, kwamba mhariri anayejificha kwenye nyaya ndiye aliyemuua yule mama.

Stanimir ndiye aliyeleta vitu vyake nyumbani: vizibo vya masikio na kikombe. Alisimama langoni, hataki kuingia.

"Amenipa kiti chako," akasema.

"Najua."

"Ungenitukana ingekuwa nafuu."

"Sijui kutukana vizuri. Kaa na jamaa kwanza, Stanimir. Kila mara. Hata akikupigia simu."

"Akinipigia..." Stanimir akaanza, asimalize. Bibi akamfungia kipande cha mkate wa jibini uliokuwa bado moto. Aliupokea kwa mikono miwili, akaondoka bila kuahidi.

Alasiri wakarudi hospitali. Bibi alibeba picha za Vetka kwenye mkoba, kwa ajili ya karatasi ya langoni. Moja ilikuwa ya harusi, Vetka kijana, nywele begani. Nyingine ilikuwa ya mwaka huu, makunyanzi, aproni, jicho moja limefumba kwa jua.

Lyuben alizitazama kwa muda mrefu. Sasa alikuwa akilia, na Bibi akamfuta, kwa kuwa mikono yake mwenyewe haikuweza.

"Hiyo ya aproni," akasema. "Mtu akipita aone ni nani."

"Umri wake tuuandike kwa maandishi makubwa," Zlatina akasema.

"Makubwa kabisa." Akavuta pumzi. "Zlatina, daktari anasema vidole vyangu vitapona. Vitapona?"

"Sijui. Nitamuuliza, kisha nitakwambia alichosema, hata kama ni kibaya."

Lyuben akafumba macho. Wakati wa kuwaona wagonjwa ulikuwa umekwisha, na Bibi alikwisha kufunga mkoba.

"Kesho mje tena," Lyuben akasema. "Tafadhali. Mje tena."