Wati Elfu Moja na Mia Moja za Dada Mkubwa

Jumatatu saa mbili asubuhi, jenereta ya nyumba ile ilikohoa mara tatu ikakata roho. Dada Mkubwa akachomoa plagi ya friji ili aifute vumbi, na friji ikaanza kunguruma, plagi ikiwa mkononi mwake. Mama akasema afadhali, maziwa yangeharibika, kisha akaagiza fundi aitwe.

Fundi mwenyewe mtaani walimwita Sawasawa. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuunguza kifaa cha mtu, na hilo alilitangaza kabla hata ya kusalimia. Alimkuta Dada Mkubwa anamenya vitunguu, plagi ya ekstensheni imebanwa kwenye mkanda wa gauni lake. Akatoa mita yake ya mshale, akampima begani, akampima kiunoni. Wati elfu moja na mia moja, bila moshi, bila kelele.

"Safi kabisa," alisema. "Tatizo la watu ni pupa. Wanachomeka tu. Kila kitu kina hesabu yake."

Akaketi, akafungua daftari. Friji ikishatulia huridhika na wati mia na hamsini, lakini wakati wa kuwaka hudai mia sita, na asiyejua hilo ni fundi jina tu. Akaandika mia sita. Televisheni ya mama, tisini. Taa tano, hamsini. Feni, sitini. Kompyuta ya mdogo wa kiume wa Dada Mkubwa, sabini. Jumla mia nane na sabini. Pasi aliikataa katakata. Mdogo mtu akanuna, akaambiwa avae shati na mikunjo yake.

"Na cherehani yangu," alisema Dada Mkubwa. "Themanini na tano tu. Nina sare kumi na mbili za shule, zinatakiwa Ijumaa. Ni kazi yangu ya kwanza, fundi. Wakiridhika watanipa shule nzima."

Sawasawa alikuna kidevu. Alimwonea huruma kweli, ila hesabu haina huruma.

"Mashine haipewi mzigo zaidi ya asilimia themanini, dada. Kwako ni mia nane na themanini. Zimebaki kumi."

"Na zile mia mbili na ishirini za juu?"

"Hizo ni akiba. Ili usichoke."

"Basi nipeni mimi."

"Akiba haiguswi, dada yangu."

Akamgeukia mama, akamwomba azime televisheni kwa siku nne. "Sasa mimi nitakaa naangalia ukuta, mwanangu?" aliuliza mama, wala hakusema kwa ubaya. Dada Mkubwa akalisoma daftari juu hadi chini akitafuta kosa. Halikuwepo. "Nitamaliza tu," alisema, akarudi kwenye vitunguu.

Ijumaa mchana Sawasawa alipita kukagua kazi yake. Friji iliwaka na taa hazikupepesa hata kidogo. Moyo wake ukajaa. Dada Mkubwa alikuwa sebuleni, ekstensheni kiunoni, anazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono. Sare kumi na moja zilikuwa zimekunjwa kitini. Kiganja kilikuwa kimechubuka. Aliomba radhi kwamba hawezi kuinuka.

Taa ziling'aa kuliko alivyoziacha. Sawasawa akampima upya: elfu moja mia mbili na hamsini. Dada Mkubwa alipotua kukata uzi, mshale ukashuka. Alipozungusha, ukapanda.

"Huu mkono unazalisha," aliwatangazia. "Asilimia themanini sasa ni elfu moja kamili. Mna mia na thelathini za ziada."

"Basi cherehani inaingia," alisema Dada Mkubwa.

Sawasawa alirudia hesabu mara mbili, maana hakutaka kumdhulumu. "Inaingia," alikiri. "Ila ukiichomeka hutazungusha. Na usipozungusha, hazipo."

Dada Mkubwa aliitikia kwa kichwa. Kwa hesabu, fundi alikuwa sahihi. Mdogo wake akaleta spika, wati mia na ishirini, akaichomeka, nayo ikaimba vizuri kabisa. Fundi akaiandika daftarini, akaaga.

Kola ya sare ya kumi na mbili ilikamilika muda si mrefu. Dada Mkubwa akaikagua, akaikunja, akaiweka juu ya zile nyingine. Zote zilikuwa nzuri, na alilijua hilo. Akajinyoosha mgongo.

"Usiache, mwanangu," alisema mama. "Wimbo haujaisha."

Akazungusha cherehani tupu mpaka wimbo ukaisha, kisha mdogo wake akaweka mwingine.