Hatua Tatu Nyuma

Nahodha wa timu alikuja Jumatano mchana, akanikuta kwenye cherehani nikimpanulia kiuno mteja wangu mmoja mnene. Mteja mwenyewe hajui. Analeta suruali itengenezwe zipu, mimi natengeneza zipu na kumwongezea inchi moja kimyakimya. Anaivaa, anajigeuza mbele ya kioo, anasema, "Fundi, nimepungua." Namwambia amepungua kweli. Miaka ishirini na sita nimewashonea watu, na hiyo ndiyo siri ya kurudiwa na wateja: mpe mtu nafasi ya kupumua, usimwonyeshe ulipoitoa.

"Shemeji," nahodha akasema, hata kiti alikikataa, "mumeo amegoma."

Nilijua amegomea nini. Kamati ya klabu ya kriketi ilitaka kumuaga mume wangu kwa heshima: hotuba, picha ya pamoja, ngao ya mbao ya kutundika sebuleni. Ana miaka arobaini na tano. Kwa miaka kumi na minane ndiye aliyekuwa mpigaji wa kwanza wa timu. Akisimama na gongo lake la kupigia mpira mbele ya vile vijiti vitatu anavyovilinda, mrushaji alikuwa anarusha mpaka bega linauma na vijiti haviguswi. Ndiyo maana wakamwita Kisiki. Lakini msimu huu ameingia uwanjani mara tisa, na mara tano ametolewa kabla hajapata hata mkimbio mmoja.

"Anasema ni bahati mbaya tu," nahodha akaendelea. "Anasema kila asubuhi hapa nyumbani anauona mpira mkubwa kama chungwa. Wewe ndiye unayemrushia, shemeji. Kweli anauona?"

Mguu ukaniteleza kwenye kanyagio, sindano ikakimbia nje ya mshono.

"Anauona," nikasema.

"Haya. Basi Jumamosi nimemweka wa kwanza kupiga, maana amesema nikimshusha chini kwenye orodha atajua nimemtukana." Akasita mlangoni, anazungusha funguo kidoleni. "Ila tunacheza na timu ya Radi."

Alipoondoka nilikaa na ile suruali mapajani muda mrefu. Radi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, mrefu, anayekimbia kutoka mbali na kuuachia mpira kwa kasi ambayo watu hawajaizoea. Na mpira wa kriketi, kwa asiyeujua, si ule wa miguu. Ni jiwe lililovishwa ngozi. Wiki mbili zilizopita mpira wa Radi ulipenya katikati ya ukingo wa helmeti na vile vyuma vya mbele, ukampata usoni mchezaji wetu mmoja, mwalimu wa hesabu. Mlio ule niliusikia nikiwa kwenye viti vya watazamaji.

Sasa niseme ukweli wangu, maana kama kuna mtu aliyemweka mume wangu mbele ya Radi, si nahodha. Ni mimi.

Kati ya ukuta wa nyumba yetu na ukuta wa jirani kuna uchochoro wa saruji, mrefu na mwembamba, wenye pipa la maji kule mwisho. Kila asubuhi, kabla hajaenda kwenye ghala la mbao anakofanyia kazi ya ukarani, mume wangu husimama karibu na mlango wa jikoni na gongo lake, nami namrushia mipira thelathini. Tulianza tukiwa wachumba, na mkono wangu wa kurusha nausifu mwenyewe, maana wengine wanaona haya kuusifu. Mstari wangu ulikuwa hatua kumi na sita kutoka kwake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiuchora kila Jumatatu kwa chaki ya kushonea, kwa sababu ufagio huufuta.

Mwanzoni mwa mwaka jana, asubuhi moja, alikosa mipira kumi na moja kati ya thelathini. Akakaa kwenye kizingiti, akavua glavu moja, akaiangalia.

"Fundi," akasema, "nadhani imetosha. Nistaafu."

Alisema kwa mdomo wake mwenyewe! Mke mwenye akili angemjibu, "Sawa baba, pole, njoo tunywe chai." Lakini nilimwona uso, amenyong'onyea kama mtu aliyetoka kuzika, na moyo wangu ukakataa. Jumatatu iliyofuata nikachora mstari hatua moja nyuma. Hatua moja tu. Mpira ukachelewa kidogo kumfikia, naye akaupiga. Siku hiyo alikosa mitatu. Aliimba bafuni mpaka jirani akagonga ukuta, na habari ya kustaafu ikafa hapohapo.

Baada ya miezi akaanza tena kukosa. Nikarudi hatua ya pili, na mkono nikaulegeza. Halafu ya tatu. Siku niliyofika hatua ya tatu mgongo wangu uligusa pipa la maji, ubaridi wake ukapenya kwenye nguo, nikaogopa. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia kwenye pipa.

Uwanjani huwezi kumwambia mrushaji arudi nyuma. Huko alikuwa anatolewa kila wiki, anarudi nyumbani ameinamisha kichwa, na kesho yake asubuhi mimi namponya. Hivyo ndivyo nilivyomlea.

Alhamisi nilikwenda hospitali kumwona mwalimu wa hesabu. Nilijiambia naenda kumjulia hali, lakini ukweli nilikwenda kuangalia. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umevimba, jicho limefumba kabisa, na taya wamelifunga kwa waya asiweze kusema. Mkewe alikuwa anamnywesha uji kwa mrija, anafuta kidevu, ananywesha tena. Mwalimu ana daftari la mistari la kuongelea. Nikamuuliza, nikajilaumu kwa kuuliza, ilikuwaje. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: *Niliuona ukitoka mkononi mwake. Baadaye nikaona dari.*

Mwalimu ana miaka ishirini na tisa. Kama macho ya miaka ishirini na tisa yameona dari, ya Kisiki yataona nini? Nilitoka wodini bila kuaga.

Jioni ile nilitaka kumwambia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha chini akipaka viatu vyake rangi nyeupe, taratibu, kuzunguka kila tundu la kamba. Suruali yake nyeupe nilikuwa nimeipiga pasi, imening'inia mlangoni.

"Baba," nikaanza, "huyo Radi..."

"Radi ni mtu," akasema bila kuinua kichwa. "Ana mikono miwili." Kisha akaacha kupaka. "Nikwambie kitu? Nikiwa uwanjani siku hizi naogopa. Sijamwambia mtu. Miguu inakuwa mizito, jasho linanitoka mpaka kwenye glavu. Lakini najiambia, wewe si leo asubuhi tu uliipiga ishirini na saba? Uchochoro hauna sababu ya kunidanganya. Bila uchochoro ule ningeshaacha zamani, Fundi."

Nikaitoa ile suruali mlangoni, nikaipiga pasi mara ya pili. Usiku mzima nilisikiliza pumzi zake, nikamwona mke wa mwalimu na ule mrija, na kila mara mwanamke yule alipoinua kichwa alikuwa na uso wangu.

Kulipokucha Ijumaa nilikuwa nimeshaamua. Maneno angeyakataa, angesema ni woga wa wanawake. Kisiki ni kisiki. Nilichukua ndoo na brashi, nikausugua mstari mpaka saruji ikang'aa, nikahesabu hatua kumi na sita kutoka mlango wa jikoni na kuchora upya. Chaki ilivunjika mara mbili mkononi mwangu.

Alipotoka nikamwambia avae helmeti.

"Helmeti ya nini? Uani?"

"Vaa, baba. Leo vaa."

"Umeota nini wewe?" Alicheka, lakini akaenda kuichukua. Akaifunga kidevuni, akainama na kugongagonga gongo chini kama kawaida yake, mara tatu. Nilisimama kwenye mstari wa kweli. Alionekana karibu mno. Niliona vishikizo vya shati lake, niliona kovu dogo kwenye kiwiko. Mpira ulikuwa unateleza kwa jasho langu, nikaufuta kwenye kanga, na nikawaza kwamba naweza kumuumiza mume wangu kwa mkono huu huu kabla Radi hajapata nafasi. Nikapiga moyo konde, nikarusha.

Hakusogea. Si kwamba alichelewa. Hakusogea kabisa. Mpira ukagonga vile vyuma vya mbele kwa mlio uliorudi kutoka kuta zote mbili, naye akapepesa macho baada ya mpira kuanguka. Baada, si kabla.

"Eeh!" akasema. "Leo umekuwa Radi mwenyewe!"

Nilirusha wa pili. Ukampita sikioni, gongo likapiga hewa ulipokuwa umeshafika mlangoni. Wa tatu ukampata begani. Kicheko kikaisha. Akainua kichwa na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi hakuangalia mkono wangu. Aliangalia miguu yangu, halafu pipa la maji, kule nyuma yangu.

"Mbona umesogea?"

"Sijasogea," nikasema. "Nimerudi."

Nilimweleza yote. Nilieleza vibaya, nikilia na kurudia maneno, nikichanganya Jumatatu na Jumatatu, lakini alielewa upesi. Akaja mpaka kwenye mstari. Akapita kando yangu na kuanza kutembea kuelekea kwenye pipa akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Akageuka, mgongo ukiegemea pipa kama wangu ulivyoegemea asubuhi zote zile, akaniangalia kutoka huko.

"Toka lini?"

"Toka siku uliyosema imetosha."

Nilitegemea atafoka. Ningeshukuru angefoka. Alikuja polepole mpaka karibu nami, helmeti bado kichwani, na nyuma ya vile vyuma macho yake yalikuwa yamejaa woga, woga uleule aliokuwa ameuficha mwaka mzima, na sasa ulikuwa hauna pa kwenda.

"Hii mitatu ya leo," akasema kwa sauti ndogo. "Umerusha kwa nguvu zako zote?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko kote. Nilijua anachoomba. Alitaka nimpe inchi moja ya kupumulia. Ningesema ndiyo, angejifariji kwamba ametolewa na mkono wenye nguvu, na jibu lile lilikuwa tayari limeshanifika mdomoni, maana nimelizoea. Nikamfikiria mwalimu akiangalia dari.

"Nusu," nikasema. "Niliogopa kukuumiza."

 Akavua glavu, akaanza kufungua mkanda wa kidevuni. Vidole vyake vilishindwa, nikamsaidia. Alipoivua helmeti aliiweka juu ya mstari wa chaki, akaenda kukaa kwenye kizingiti, akatoa simu mfukoni.

"Nahodha," akasema. "Kesho simo. Hapana, siumwi. Nimestaafu." Akasikiliza. "Hapana, si baada ya mechi. Sasa hivi, niko uani." Akasikiliza tena. "Nilikuwa siuoni. Mwambie atakayeingia afunge helmeti vizuri."

Akakata simu. Nilikaa kando yake, si karibu sana, maana sikujua kama naruhusiwa. Jirani alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta, tunasikia tu vibanio.

"Na suruali yangu nyeupe?" akauliza ghafla.

Nikaanza kufuta chaki vidoleni.

"Fundi. Nakuuliza."

"Inchi mbili na nusu," nikasema. "Kwa awamu tatu."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, amejishika tumbo lile lile nililomficha. "Nami nikawaambia wenzangu ghalani kwamba sijabadilika tangu harusi," akasema. Alipotulia akajifuta uso kwa glavu. "Irudishe ilivyokuwa."

"Haitafunga, baba."

"Irudishe."

Nikaketi kwenye cherehani siku hiyohiyo na kufumua kila nilichokiongeza.

Jumamosi tulikaa kwenye viti vya watazamaji, yeye amevaa suruali yake nyeupe iliyoshikwa kiunoni kwa pini kubwa, shati limeachwa nje kuficha. Wachezaji wa zamani walikuja kumpa mkono. Hakuwaeleza kitu, wala hakuvuta tumbo ndani. Nafasi yake ilichukuliwa na karani wa posta, mwenye miaka thelathini, ambaye nilimwona akikaza mkanda wa helmeti mara mbili.

Radi alianza kukimbia kutoka mbali. Nilihesabu hatua zake nikashindwa. Mkono wake ukazunguka, na sekunde ileile mpira ulikuwa tayari kwenye glavu za mdakaji nyuma ya vijiti, na karani wa posta alikuwa bado ameinua gongo lake. Uwanja mzima ukaguna. Nikaona ule uso wa mwalimu, nikaona uso mwingine ambao ungekuwa pale.

"Umeuona?" nikamuuliza mume wangu.

Aliushika mkono wangu wa kurushia. Wake ulikuwa umelowa jasho kama wa mtu aliyekuwa amevaa glavu.

"Hapana," akasema.