Mgema Aliye Juu ya Mvumo

Msuka mikeka alikuwa na siri, na siri yenyewe ilisimama nyuma ya nyumba yake, mchana kweupe, kila mtu akiiona. Ulikuwa mvumo mrefu, ndugu wa mnazi, mnene kiunoni, wenye majani mapana kama pepeo. Ulijiotea pale kwa sababu chini ya mchanga ule mkavu kuna maji, na mvumo huyafuata kwa mizizi miaka mingi kabla haujajisumbua kurefuka.

Mumewe aliugema mpaka siku ya kufa kwake. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alilitia hata kabla hajasifiwa, na wateja wakampenda vivyo hivyo. Alifia huko huko juu. Moyo ulisimama tu, kamba ya kupandia ikabaki imemshika kiuno. Ndugu zake walimteremsha kama mzigo, wakamzika.

Sasa, mgema akiwa juu haitwi kwa jina, maana atatazama chini, na kizunguzungu hakina huruma. Mkewe hugonga shina mara mbili: uko salama? Naye hujibu mara moja kwa mpini wa kisu: niko. Siku chache baada ya mazishi, mjane alikuwa akiokota makuti makavu ya kuwashia moto, mkono ukajisahau, ukagonga shina mara mbili. Kule juu kisu kikajibu.

Kesho yake akagonga tena, na kila mchana baada ya hapo. Hofu ilimtoka, akabaki na kitu kibaya zaidi: furaha. Alisuka huku akiimba, na majirani wakasema ujane umemkubali.

Kilichomuumbua ni paa. Mchwa walikuwa wamezila boriti, na asubuhi moja kipande kikaanguka kando ya mtoto mchanga wa binti yake, karibu kiasi kwamba vumbi lilimfanya apige chafya. Masika yalikuwa mlangoni. Shemeji wa mjane, seremala, ndugu wa marehemu, akaja na msumeno. Mvumo mchwa hawauwezi, alisema, na shina hili litatosha paa zima.

"Huu hapana, shemeji."

"Sasa unataka paa limwangukie mjukuu?"

Mjane akaligeukia shina, akagonga mara mbili.

Juu pakagongwa mara moja.

Seremala, mtu wa utani hata msibani, aliuweka msumeno chini taratibu. Hapakuwa na upepo.

"Tangu lini?"

"Tangu tumzike. Ukiukata, atakaa wapi?"

Shemeji alitazama kileleni. "Umewahi kumgongea tatu?"

Tatu ndiyo ya kumwita mgema ashuke: kazi imetosha, chakula kiko tayari. Siku ya kifo ndugu walipanda kumwangalia kabla mjane hajaivisha chakula, na tangu hapo hakuthubutu. Akishuka, ataondoka.

"Sisi tulishusha mwili," seremala alisema. "Yeye hakuitwa. Na unamjua ndugu yangu, hata njaa imuume vipi, hashuki bila kuitwa."

Hapo ndipo maneno yalipomchoma. Muda wote huo alikuwa akimuuliza kama yuko salama, na maskini mwanamume wa watu akijibu yuko. Hakuwahi kumuuliza kama amechoka.

Alilia kwanza. Kisha akagonga moja, akagonga mbili, na kwa ya tatu ikabidi mkono mmoja uusaidie mwingine.

Halafu makuti yakachakarika kileleni, na kwenye shina ikasikika miguu peku ikishuka bila haraka, kamba ikikwaruza gome, mpaka ikafika usawa wa uso wake. Palinukia tembo na jasho. Mjane alifumba macho, akaegemeza shavu kwenye gome, na kitu kikampita begani.

Alipofumbua macho alimwambia shemeji akate. Kisha akaingia jikoni, akapakua sahani ya mumewe, akaketi kando yake mpaka chakula kikapoa.