Jibu la Swali Lililopita

Mama yangu ana mdomo usiojua breki, na mimi ulimi wangu umegoma tangu nizaliwe. Ukituweka pamoja mbele ya mtu anayeuliza maswali, jua umenikomesha.

Sauti ninayo, tena kubwa, ila maneno yakitoka yanakuwa yamepondeka, na ni mama peke yake anayeyaelewa. Kwa hiyo chuoni natumia simu: naandika, nayo inasema. Sauti yake ni ya kike, kavu, haicheki wala haibembelezi, ndiyo maana wenzangu darasani waliibatiza Shangazi. Mimi na Shangazi tumesoma upimaji wa maji mpaka mwaka wa mwisho bila mtu wa kunisemea. Ilibaki nafasi ya mafunzo kwa vitendo, kwenye maabara ya mitambo ya maji, mji mwingine, kulala hukohuko bwenini. Nikiikosa, cheti nitakisikia kwa wenzangu tu.

Nilimwomba mama aniache niende kwenye usaili peke yangu. Akasema sawa. Asubuhi nikamkuta mlangoni kavaa viatu vyake vya kuendea harusini, mkoba kwapani. Jamani.

Mkuu wa maabara alikuwa mzee mpole mwenye miwani, nyuma yake chupa za sampuli zimepangwa dirishani. Aliniuliza kama nimewahi kupima klorini kwa mikono yangu mwenyewe. Swali zuri. Nikainamia simu. Lakini mama yangu huyu aone ukimya, auache upite hivihivi? Akadakia kwamba mimi ni msafi sana, ila maabara hapana, nipewe kakiti ofisini nipange mafaili. Mkuu, kwa adabu zake, akamgeukia yeye na kumuuliza kama huwa naugua.

"Ndiyo," Shangazi akatangaza, "karibu kila siku."

Mkuu akaandika. Namwona kabisa anaandika! Damu ikanichemka. Nikaanza kuandika kwamba hapana, hilo ni jibu la swali lililopita. Sijafika mwisho, mama keshaingia habari za homa yangu ya utotoni, na mkuu keshauliza kama naweza kusoma vipimo vidogo. "Hapana," akaanza Shangazi, na yaliyofuata mama akayafunika kwa sauti yake, akiapa kwamba macho yangu ni mazima. Alikuwa ananitetea na kunizika kwa wakati mmoja.

Nikapandisha sauti ya simu mpaka mwisho.

"Nyamazeni wote wawili mpaka nimalize."

Shangazi hajui kulainisha maneno. Adabu niliyofundishwa nyumbani ilinisuta, lakini nilikuwa nimechoka, nimechoka kweli. Wakanyamaza. Mkuu akagusa kalamu, akaiacha. Nikaandika yote: kwamba klorini ndiyo ninayoipima karibu kila siku, kwamba vipimo vidogo nasoma bila miwani, kwamba homa ile niliugua kabla sijaota meno, na kwamba kiti cha ofisini apewe anayekitaka. Shangazi akasoma kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa na mtu. Sikumbuki lini mara ya mwisho jambo hilo lilitokea mbele ya mama.

Mkuu akafuta alichokuwa ameandika, akacheka kidogo, akasema nianze Jumatatu. Kisha akamgeukia mama.

"Na wewe, mama, unasemaje?"

Mama akafungua mdomo, kisitoke kitu. Mama yangu huyuhuyu! Akaangalia chupa, akaangalia viatu vyake. Alichotaka kusema nilikijua, nilikijua tangu nyumbani, na kidole changu kilikuwa tayari juu ya simu, kimsemee tuondoke. Nikakirudisha. Ikabidi nikalie mkono wangu. Kumbe kusubiri kunauma hivi.

"Huko bwenini," alisema mwishowe, "hiyo simu ikiisha chaji, nani atamwelewa?"

Hasira zote zikaniishia. Nikailaza simu mezani, kioo chini, nikamjibu kwa mdomo wangu huuhuu: nitaichaji kila jioni, na yeye nitampigia kwa sauti yangu mwenyewe, maana Shangazi hajui kumgombeza. Mama akaangua kicheko huku machozi yanamtoka.

"Amesemaje?" mkuu akauliza.

Mama akavuta pumzi. Niliyaona maneno yakifika kwenye meno yake. Akayameza.

"Muulize mwenyewe," alisema.

Mkuu akanigeukia, akasubiri.